Ruzuku za hifadhi: Jinsi serikali ya Marekani inavyowalipa wakulima wapumzishe ardhi

KATIKA nchi nyingi, ruzuku ya kilimo hutolewa ili mkulima azalishe zaidi. Serikali humpunguzia bei ya mbolea, humtafutia mbegu bora au humhakikishia bei ya mazao yake sokoni. Marekani hufanya mengi ya hayo, lakini tangu mwaka wa 1985 imekuwa pia na mpango mkubwa unaomlipa mkulima kwa jambo lililo kinyume kabisa: kuacha kulima.

Mpango huo ni Mpango wa Akiba ya Hifadhi, unaofahamika zaidi kwa herufi CRP. Mkulima hutia saini mkataba na Wizara ya Kilimo, hupanda nyasi au miti katika shamba ambalo udongo wake huchukuliwa kwa urahisi na upepo au maji, na kuliacha hivyo kwa muda wa miaka 10 hadi 15. Kila mwaka serikali humlipa kodi, kana kwamba imelikodi shamba hilo kutoka kwake.

Kwa mtu anayeishi mjini, malipo hayo huweza kuonekana kama zawadi kwa wavivu. Kwa mkulima wa nyanda kavu za magharibi, ni jibu la swali ambalo babu yake alishindwa kulijibu: vipi familia itakula bila kuumaliza udongo unaoilisha? Kaunti ya Baca, katika kona ya kusini mashariki mwa jimbo la Colorado, ni mojawapo ya mahali ambapo historia ya ruzuku hizo inaweza kufuatwa tangu mwanzo hadi leo.

KAUNTI YENYEWE

Baca inapakana na jimbo la Kansas upande wa mashariki, na majimbo ya Oklahoma na New Mexico upande wa kusini. Ukubwa wake ni kilomita mraba zipatazo 6,600, ambao unakaribia ule wa kaunti ya Machakos nchini Kenya. Lakini wakati Machakos ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 1.4 katika sensa ya 2019, sensa ya Marekani ya 2020 ilipata watu 3,506 pekee katika Baca yote. Makao makuu yake ni mji mdogo wa Springfield.

Ardhi ya huko ni tambarare iliyo wazi kwa upepo. Mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 400, na miaka mingi haifiki kiasi hicho. Wakulima hupanda ngano, mtama na mawele, na wengine hufuga ng'ombe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, kaunti hiyo ilisifika pia kwa aina ya mtama ambao mashuke yake yalitumiwa kutengenezea mifagio.

Kabla ya kulimwa, nyanda hizo zilifunikwa na nyasi fupi zenye mizizi mingi iliyoushika udongo hata wakati wa ukame. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na matrekta yakaanza kuenea katika miaka ya 1920, maelfu kwa maelfu ya ekari yalipinduliwa. Bei ilipoporomoka baadaye, wakulima hawakupunguza mashamba. Waliyapanua zaidi, maana njia pekee ya kulipa deni la benki ilikuwa kuvuna magunia mengi zaidi ya ngano ile ile iliyoshuka bei.

VUMBI LA MIAKA YA 1930

Ukame ulianza mapema katika miaka ya 1930. Ngano haikuota, na mashamba yakabaki matupu bila nyasi wala mazao. Upepo uliyakuta hivyo. Mawingu ya vumbi yalijaza anga ya Colorado, Kansas, Oklahoma na Texas, yakafunika nyua na mashine, yakaua mifugo na kuwaletea watu maradhi ya mapafu. Siku iliyokumbukwa zaidi ni Jumapili ya Aprili 14, 1935, ambayo hadi leo huitwa Jumapili Nyeusi.

Baca ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika vibaya kupita zote. Sensa ya 1930 ilikuwa imehesabu watu 10,570 huko. Kufikia 1940 walikuwa wamesalia 6,207. Maelfu ya watu walikuwa wameziacha nyumba na mashamba wakaenda kutafuta maisha kwingine.

Msiba huo ulibadilisha fikira za serikali kuhusu udongo. Mtaalamu Hugh Hammond Bennett, aliyekuwa amepigia kelele suala la mmomonyoko kwa miaka mingi bila kusikizwa, alipata masikio ya wabunge mjini Washington. Mnamo Aprili 27, 1935, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyounda Idara ya Kuhifadhi Udongo ndani ya Wizara ya Kilimo, na Bennett akawa mkuu wake wa kwanza.

Serikali ilichukua hatua mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa kununua mashamba yaliyoharibika na kuyarudisha kuwa malisho. Sehemu kubwa ya ardhi iliyonunuliwa katika Baca na kaunti jirani leo ni eneo la nyasi la Comanche, ambalo ni mali ya umma na husimamiwa na Idara ya Misitu. Hatua ya pili ilikuwa kuwalipa wenye mashamba ili wabadilishe namna ya kulima. Hapo ndipo chimbuko la ruzuku za hifadhi.

MALIPO YALIVYOANZA

Asili ya malipo hayo ina siasa zake. Sheria ya kilimo ya 1933 iliwalipa wakulima wapunguze mazao ili bei ipande, na fedha zilitokana na ushuru uliotozwa wenye viwanda vya kusindika mazao. Januari 1936, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpango huo ulikiuka katiba.

Katika muda wa wiki chache, Bunge lilipitisha sheria nyingine. Safari hii wakulima wangelipwa ili waondoe mashambani mimea inayouchosha udongo, na kupanda ile inayoujenga. Ilitokea kwamba mimea iliyotajwa kuuchosha udongo, kama vile ngano, mahindi na pamba, ndiyo ile ile iliyokuwa imejaa sokoni kupita kiasi.

Tangu siku hiyo, ruzuku ya hifadhi nchini Marekani imebeba mizigo miwili: kuutunza udongo, na kupunguza mazao ili bei isianguke. Anayesahau huo mzigo wa pili hawezi kuelewa kwa nini mpango hupanuliwa miaka fulani na kubanwa miaka mingine.

Jaribio lililofuata lilikuja mwaka wa 1956 kwa jina la Benki ya Udongo. Wakulima waliweka kando mashamba yao kwa mikataba ya miaka kadhaa, na kufikia 1960 ekari milioni 28.7 zilikuwa zimepumzishwa. Mikataba hiyo ilipomalizika haikurudiwa, na katika nyanda kavu mashamba mengi yalilimwa upya.

Kisha ikaja miaka ya 1970. Nchi za nje, hasa Muungano wa Kisovieti, zilinunua nafaka kwa wingi, na Waziri wa Kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime kila kipande hadi kwenye ua wa shamba. Malisho ambayo hayakuwa yameguswa tangu enzi za vumbi yalipinduliwa tena.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka wa 1977, bei zikiwa chini na madeni yakiwa juu, wakulima wa kaunti ya Baca walianzisha vuguvugu lililotishia kugoma kulima hadi serikali iwahakikishie bei ya haki. Vuguvugu hilo lilienea kote nchini, na mapema mwaka wa 1979 misafara ya matrekta iliingia Washington. Hivyo kaunti ile ile iliyokuwa imeonja vumbi ikawa pia kitovu cha malalamiko kuhusu bei.

SHERIA YA MWAKA WA 1985

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, matatizo mawili yalikutana. Maghala yalijaa nafaka zisizo na mnunuzi, na mabenki yakawa yakinadi mashamba ya wakulima walioshindwa kulipa. Wakati huo huo, takwimu za wizara zilionyesha kwamba mashamba ya Marekani yalipoteza takriban tani bilioni tatu za udongo kwa mwaka.

Seneta William Armstrong wa Colorado alikuwa ameanza kupendekeza kwamba yeyote anayepindua nyasi katika ardhi dhaifu asipewe ruzuku yoyote ya serikali. Wazo hilo liliingia katika sheria ya kilimo ambayo Rais Ronald Reagan aliitia saini mnamo Desemba 23, 1985.

Sheria hiyo ilikuwa na pande mbili, adhabu na zawadi. Upande wa adhabu, mkulima aliyelima nyasi katika ardhi inayomomonyoka, au aliyekausha kinamasi ili apande mazao, angepoteza haki ya kupata ruzuku nyingine. Upande wa zawadi ulikuwa CRP. Lengo lilikuwa kupumzisha ekari milioni 40 hadi 45.

Wakulima walianza kusajiliwa mwaka wa 1986, na kaunti za kusini mashariki mwa Colorado zikawa miongoni mwa zilizojitokeza kwa wingi. Sababu ni rahisi. Malipo huko yalikuwa karibu dola 40 kwa ekari kila mwaka, na yalikuja mvua inyeshe isinyeshe. Shamba la ngano katika ardhi kavu halikuweza kumhakikishia mwenyewe kiasi hicho hata katika mwaka mzuri.

JINSI MPANGO UNAVYOFANYA KAZI

Mkulima huanzia katika ofisi ya kilimo ya kaunti yake. Ofisi hiyo huwa na kamati ambayo wanachama wake huchaguliwa na wakulima wenyewe kwa kura, utaratibu ulioanza miaka ya 1930. Mkulima hueleza ni shamba gani angependa kulitoa, atapanda nini, na atakubali kulipwa kiasi gani.

Si kila shamba hukubaliwa. Ni lazima liwe limelimwa kwa miaka kadhaa kabla ya ombi, ili mtu asipindue nyasi leo kwa nia ya kulipwa kesho kwa kuzirudisha. Tangu mwaka wa 1990, kila ombi hupewa alama kwa kuzingatia faida kwa wanyamapori, usafi wa maji, kupungua kwa mmomonyoko na vumbi, uwezekano wa faida hizo kudumu, pamoja na gharama kwa serikali. Mkulima anayekubali malipo madogo huongeza nafasi yake ya kuchukuliwa.

Akikubaliwa, kazi huanza. Katika nyanda kavu, nyasi hazipandwi katika udongo mtupu. Kwanza mkulima hupanda mtama, kisha huyaacha mabua yakiwa yamesimama ili yazuie upepo, na msimu unaofuata mbegu za nyasi za kienyeji hupandwa katikati ya mabua hayo. Huweza kuchukua miaka miwili au mitatu kabla ya nyasi kushika. Serikali hugharimia hadi nusu ya matumizi ya upanzi huo.

Kila mwaka mkulima hupokea kodi inayokadiriwa kwa kutazama rutuba ya udongo na viwango vya ukodishaji katika kaunti. Kwa kawaida mtu mmoja haruhusiwi kupokea zaidi ya dola 50,000 za kodi hiyo kwa mwaka. Naye hutakiwa kudhibiti magugu, na haruhusiwi kuvuna nyasi wala kulisha mifugo humo ila kwa idhini. Idhini hiyo hutolewa hasa wakati wa ukame mkali, kama ilivyokuwa mwaka wa 2012.

Anayevunja mkataba kabla ya muda wake hurudisha malipo yote aliyokwisha kupokea pamoja na riba, na juu ya hayo hutozwa faini. Sharti hilo ndilo limewafanya wengi wavumilie hata bei ya ngano ilipopanda.

FAIDA ZILIZOONEKANA

Takwimu za Wizara ya Kilimo zinaonyesha kwamba mmomonyoko katika mashamba ya Marekani ulipungua kwa takriban asilimia 43 kati ya 1982 na 2007. Sifa hiyo haiwezi kupewa CRP peke yake. Masharti yaliyofungamanishwa na ruzuku nyingine, pamoja na kuenea kwa kilimo kisichopindua udongo, vilichangia pia. Hata hivyo, wataalamu wanakubaliana kwamba kuondoa mashamba dhaifu kabisa katika kilimo kulikuwa na mchango mkubwa.

Wanyamapori walifaidika pia. Katika majimbo ya kaskazini yenye vidimbwi vingi, Idara ya Samaki na Wanyamapori ilikadiria kwamba nyasi za CRP ziliongeza takriban bata milioni mbili kila mwaka kati ya 1992 na 2004. Huko Baca, nyasi hizo zimempa makao kuku-mwitu wa nyanda, ndege ambaye idadi yake imepungua sana kwa kuwa malisho aliyoyategemea yalilimwa.

Kwa familia nyingi, faida kubwa ilikuwa uhakika. Fedha za serikali zilifika kila mwaka, zikalipa deni la benki, na zikamwezesha mkulima kubaki katika shamba alilokuwa akaribie kulipoteza.

LAWAMA NA MASWALI

Lawama za kwanza zilihusu gharama. Katika awamu za mwanzo, wizara iliweka kiwango cha juu cha malipo kwa kila eneo, na haikuwachukua wakulima muda mrefu kukijua. Wengi waliomba kiwango hicho hicho, hata pale ambapo ardhi ya jirani ilikodishwa kwa bei ya chini. Afisi ya ukaguzi ya Bunge iliikosoa wizara kwa jambo hilo, na katika miaka ya 1990 malipo yakaanza kukadiriwa kwa aina ya udongo wa kila shamba.

Lawama ya pili ilitoka kwa wafanyabiashara wa vijijini. Shamba lisilolimwa halihitaji mbegu, mbolea, dawa, mafuta wala fundi wa trekta, na halipeleki nafaka ghalani. Ndiyo maana sheria imeweka kikomo: kwa kawaida, mikataba haifai kuzidi asilimia 25 ya mashamba ya kilimo katika kaunti yoyote, ingawa wizara ina uwezo wa kulegeza sharti hilo.

Je, hofu hiyo ilikuwa na msingi? Mwaka wa 2004, watafiti wa Wizara ya Kilimo walichunguza kaunti zilizokuwa na mikataba mingi. Waligundua kwamba baadhi zilipoteza nafasi za kazi katika miaka ya mwanzo, lakini athari hiyo ilififia baadaye, na hawakupata ushahidi kwamba mpango ndio uliowahamisha watu. Idadi ya watu katika Baca ilikuwa imeanza kushuka miongo mitano kabla ya CRP kuzaliwa.

Matokeo ya utafiti huo hayamfuti machozi mwenye duka la vipuri aliyefunga biashara. Wastani wa kaunti nyingi huficha msiba wa kijiji kimoja.

Swali la tatu ni nani anayelipwa. Kodi humfuata mwenye mkataba, na mara nyingi huyo ni mwenye ardhi, ambaye huenda ni mzee aliyestaafu au mrithi anayeishi mji wa mbali. Kijana anayetafuta shamba la kukodi hujikuta akishindana na serikali. Bunge lilikiri tatizo hilo katika sheria ya 2008, likaahidi malipo ya ziada ya miaka miwili kwa mwenye ardhi anayeikabidhi kwa mkulima anayeanza baada ya mkataba kumalizika.

Suala hilo la nani anapata nini liliwekwa peupe mwaka wa 2001, pale shirika la kutetea mazingira la Environmental Working Group lilipochapisha katika intaneti majina ya wapokeaji wa ruzuku na kiasi walicholipwa, kaunti baada ya kaunti. Wananchi wengi waliona kwa mara ya kwanza jinsi fedha zao zilivyogawanywa.

Lawama ya nne ni ya kitaalamu zaidi. Mchumi JunJie Wu alichapisha utafiti mwaka wa 2000 ulioonyesha kwamba katika majimbo ya kati, kwa kila ekari 100 zilizopumzishwa, takriban ekari 20 za ardhi ambayo haikuwa ikilimwa zililimwa. Kwa maneno mengine, sehemu ya hifadhi iliyonunuliwa kwa fedha za umma ilipotelea upande wa pili wa ua.

MAHINDI YALIPOPANDA BEI

Kilele cha CRP kilikuwa mwaka wa 2007, ambapo mikataba ilifikia ekari milioni 36.8. Hilo ni eneo lililozidi kidogo robo ya nchi nzima ya Kenya.

Mwaka huo huo, Bunge lilipanua sheria inayolazimisha mafuta ya magari kuchanganywa na spiriti itokanayo na mimea, hasa mahindi. Bei ya mahindi ilipanda, na mnamo Agosti 2012, wakati wa ukame, ilipita dola nane kwa kipimo cha kilo zipatazo 25. Mkulima ambaye mkataba wake ulikuwa umefika mwisho alilinganisha hesabu mbili, akachukua jembe.

Bunge nalo lilipunguza kikomo: ekari milioni 32 katika sheria ya 2008, kisha milioni 24 katika sheria ya 2014. Katika muda wa miaka 10 hivi, mamilioni ya ekari yaliyokuwa yamegharimiwa na walipa ushuru kwa miongo miwili yalirudi kuwa mashamba ya mahindi, soya na ngano.

Huko kusini mashariki mwa Colorado, ukame ulioanza mwaka wa 2011 ulileta tena dhoruba za vumbi ambazo wazee walizilinganisha na zile za utotoni mwao. Tofauti ni kwamba safari hii sehemu kubwa ya ardhi dhaifu ilikuwa imefunikwa, ama na nyasi za mikataba, ama na zile za eneo la umma la Comanche.

KENYA ILIPOPATA HABARI

Vumbi la Marekani liliigusa Kenya pia. Maafisa wa ukoloni wa Uingereza walisoma habari zake kwa hofu, wakaitazama Ukambani iliyokuwa imekaukiwa na kujaa makorongo, na wakahitimisha kwamba msiba ule ule ungetokea. Colin Maher, aliyesimamia hifadhi ya udongo katika koloni, alizuru Marekani mwaka wa 1940 kujifunza mbinu zilizotumiwa huko.

Mbinu zilisafiri, lakini malipo hayakusafiri. Mkulima wa Colorado alipewa hundi. Mkulima wa Kenya alipewa amri. Mwaka wa 1938, serikali ilipojaribu kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishwa hadi Lamu. Mwaka wa 1948, wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta ya kulazimishwa.

Matuta yaliyochimbwa kwa hiari baadaye, kupitia vikundi vya mwethya na kwa kuwa familia ziliona faida ya mahindi, kahawa na matunda, ndiyo yaliyodumu. Utafiti maarufu uliochapishwa mwaka wa 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki ulionyesha kwamba idadi ya watu Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, huku mmomonyoko ukipungua.

Malipo ya hifadhi yanayofanana na yale ya Marekani yalikuja Kenya baadaye sana, na mara nyingi hayakutoka hazina ya serikali. Mfano ni Kitengela, ambako kuanzia mwaka wa 2000 familia za wafugaji zililipwa dola nne kwa ekari kila mwaka, fedha za wafadhili, ili zisizungushie ardhi ua na hivyo kuwaachia njia wanyama wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Malipo yalipangwa yafike wakati wa kulipa karo.

HALI ILIVYO SASA

Sheria ya kilimo ya 2018 ilipandisha tena kikomo cha CRP hadi ekari milioni 27, lakini ikapunguza malipo: maombi ya kawaida hulipwa asilimia 85 ya kiwango cha kodi cha kaunti. Muda wa sheria hiyo ulifika mwisho mwaka wa 2023, na tangu hapo Bunge limekuwa likiirefusha kwa vipande vifupi vifupi badala ya kupitisha nyingine kamili. Kwa mtu anayetakiwa kuamua kuhusu shamba lake kwa miaka 10 ijayo, huo si mwenendo wa kumpa imani.

Aina ya hifadhi inayolipiwa pia inabadilika. Kufikia 2024, zaidi ya theluthi moja ya ekari za CRP zilikuwa malisho ambayo mwenyewe huruhusiwa kuendelea kulisha ng'ombe, mradi asiyapindue. Zipo pia ruzuku nyingine zinazomsaidia mkulima kuhifadhi huku akiendelea kulima, kwa mfano kwa kupanda mimea ya kufunika udongo au kutumia maji kwa uangalifu. Mwaka wa 2022, Bunge liliziongezea ruzuku za aina hiyo takriban dola bilioni 19.5 kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Mwaka wa 2025, fedha ambazo hazikuwa zimetumika ziliingizwa katika bajeti ya kawaida ya kilimo, na sharti la tabianchi likaondolewa.

Wanaopendelea mabadiliko haya husema kwamba malisho yanayotumika hubaki na mwenyewe wa kuyatunza, na duka la kijijini hubaki na mteja. Wanaopinga husema kwamba ardhi iliyo dhaifu kabisa haitaki masharti nafuu, inataka kuachwa.

Pande zote mbili hazijajibu swali la mwisho, nalo ni nini kitatokea mkataba ukimalizika. Serikali ya Marekani haijainunua ardhi hiyo, imeikodi tu. Nyasi ambayo imechukua miaka mitatu kushika, na miongo kadhaa kurudisha rutuba, huweza kupinduliwa kwa siku chache na trekta moja. Palipo eneo la Comanche, ambako umma ulinunua ardhi katika miaka ya 1930, swali hilo halipo. Pengine pote katika Baca, jibu lake hutafutwa upya kila mikataba inapofika mwisho, katika ofisi ya kaunti mjini Springfield, mkulima akiwa na bei ya ngano mkono mmoja na kiwango cha kodi ya serikali mkono wa pili.